Matufaha katika Stoo ya Vitunguu vya Maua

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Kitalu alinipa kisu kidogo na kitunguu cha ua, akaniambia nikipasue katikati kuanzia juu hadi kwenye kitako. Nilidhani ananipima kama naweza kazi ya jikoni. Nilipokipasua, akanionyesha kwa ncha ya kalamu: ndani kabisa, kati ya maganda meupe, palikuwa na ua zima limejikunja, dogo kuliko punje ya mchele, rangi yake ya kijani iliyopauka.

"Ua halitengenezwi bustanini, Zaina," aliniambia. "Linakuja limeshatengenezwa. Kazi yetu ni kutoliua."

Alikuwa mzee wa Kihindi asiye na maneno mengi, na kampuni yetu ilikuwa ya kutunza bustani za mahoteli na majumba ya Dubai. Mimi nilitoka Lushoto, kwenye baridi, na kwetu maua ya namna ile huota yakisahauliwa tu nyuma ya nyumba. Dubai hayasahauliki. Tulipu inataka baridi ya miezi mitatu hivi kabla haijakubali kuchanua, na Dubai haina baridi ya kuipa. Kwa hiyo mizigo ilipofika baada ya joto kali kupungua, tuliiweka kwenye stoo ya baridi huko Qusais, chumba cha bati nene chenye mashine ya kupoza. Mwaka ulipogeuka na udongo ukapoa kidogo, ndipo tulipopanda.

Mzee yule alinifundisha kuchagua. Kitunguu kizuri ni kizito mkononi, kigumu ukikibonyeza, kitako chake kikavu na kizima. Chenye harufu ya uchachu tupa, usikionee huruma, maana kitaambukiza jirani zake. Na kwa mwenye nyumba asiye na stoo ya baridi alikuwa na jibu moja tu: asihangaike na tulipu, apande narisisi zile nyeupe za kichala, ambazo hazidai baridi. Aliporudi kwao, funguo yake ya stoo nilipewa mimi.

Aliyekuja juu yetu aliitwa Mhandisi wa Bustani. Sisi tulimwita sir. Alikuwa na shahada, na alijua kazi, hilo sitamnyima. Mwaka wake wa kwanza tulipanda tulipu nyekundu kwenye hoteli moja ya Garhoud, mbele ya mlango mkubwa. Majani yalitoka mazuri, mapana. Maua hayakutoka. Katikati ya kila shina palikuwa na kitu kikavu kama karatasi iliyoungua. Meneja wa hoteli alisimama mlangoni akitutazama tunayang'oa.

Siku chache baadaye sir aliniita kwenye gari lake, akapandisha vioo.

"Wewe nakuamini," alisema. "Stoo ina funguo mbili, yako na ya Wanjala. Mwangalie. Nadhani anazima mashine. Nikithibitisha, khalas, anarudi Kenya."

Wanjala alikuwa mlinzi wa stoo, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye watoto wanne shuleni. Tulikula pamoja mchana. Nilimjibu sir kwamba nitaangalia. Ningejibu nini? Viza yangu ilikuwa mkononi mwake vilevile. Na kweli, funguo zilikuwa mbili. Ya tatu ilikuwa ya sir mwenyewe, lakini ya mkubwa huwa haihesabiwi.

Msimu uliofuata nilianza kumtazama Wanjala kama mtu anavyotazama maziwa jikoni. Mizigo ilipofika nilipasua kitunguu kimoja: ua lilikuwa hai. Mwezi mmoja baadaye nikapasua kingine, nikakuta limeanza kuwa kahawia. Kwa hiyo lilikuwa linafia humu ndani, mikononi mwetu. Kipimajoto kilikuwa sawa kila nilipokisoma, na hilo halikunituliza. Nilijiambia anaiwasha mashine akisikia nakuja. Alipovaa koti zito na kuingia, nilijiuliza amekaa muda gani. Alipotoka na mfuko, niliutazama mfuko. Hata alipocheka na dereva wa maji nilisogea karibu nisikie.

Mchana mmoja alifungua mfuko ule mbele yangu, akatoa tufaha jekundu, yale wengine mnayaita maepo. Lilikuwa baridi mpaka linatoa jasho.

"Umelipata wapi?" nikamuuliza.

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Nimepewa tu, dada Zaina. Shika moja."

Sikushika. Mzee wa Kihindi aliwahi kunikataza kuingiza hata ndizi stooni, maana matunda yanayoiva hutoa hewa isiyoonekana, na hewa hiyo huliua ua ndani ya kitunguu huku ganda likibaki zima. Nikaona nimemkamata. Jioni ile nikamwambia sir kwamba Wanjala ana matufaha yaliyotoka kwenye baridi.

Nilitegemea afurahi. Alifuta miwani yake, kisha akasema, "Usimwambie mtu. Endelea kuangalia tu."

Kama alikuwa anamtafuta mwizi na mimi nimemletea, kwa nini asiende kumshika? Nililala na swali hilo. Kesho yake nilimfuata Wanjala stooni, nikasimama mlangoni.

"Kaka, niambie ukweli. Matufaha alikupa nani?"

"Mbona unaniuliza kama polisi?"

"Kwa sababu maua yanakufa."

Aliweka boksi chini. "Dada, mimi niliambiwa nikuangalie wewe. Sir alisema unaingiza vitu humu. Tangu mwaka jana nakuangalia."

"Na mimi aliniambia nikuangalie wewe."

Hatukucheka. Tulisimama katikati ya yale maboksi, pumzi zetu zikitoa moshi, kila mmoja akirudisha nyuma mambo aliyoyaona kwa mwenzake. Kisha akanieleza. Kila Ijumaa, mimi nikiwa kwenye mapumziko yangu ya siku mbili, shemeji yake sir mwenye duka la matunda Al Twar alikuwa akileta makreti kwa gari dogo, sir akifungua kwa funguo yake, yakilala humo hadi alfajiri ya Jumapili. Wanjala alipewa mfuko na kuambiwa matunda si habari ya kampuni. Hakujua kama yana dhara. Alidhani mimi nina habari nayo.

Usiku ule hatukuona pa kulipeleka. Kwa arbab, mwenye kampuni? Nani angetuamini dhidi ya mhandisi? Mwishowe tukaenda kwa sir mwenyewe, wawili pamoja, na mimi ndiye niliyesema.

"Sir, tunaomba ruhusa tubandike karatasi mlangoni. Matunda marufuku."

Alimtazama Wanjala, akanitazama mimi, akarudi kwa Wanjala.

"Nani kawaambia kuna matunda?"

Nilisikia simu yake ikilia mfukoni, hakuishika.

"Yalla, bandikeni," akasema.

Msimu ule ulikuwa umeshaharibika. Uliofuata, tulipu za Garhoud zilichanua zote, nyekundu mpaka wageni walisimamisha teksi kupiga picha. Sir alihamishiwa ofisi kuu, walisema amepandishwa. Kama alijua tangu mwanzo kinachoua maua, au alikuja kujua siku ile alipofuta miwani, sikupata kujua. Mtu mwenye shahada ya bustani asijue habari ya matufaha? Nilivyomfahamu, sidhani.

Nimestaafu sasa, nipo Lushoto, na vijana wanaokwenda Ughaibuni huja kuniuliza kazi ya maua. Nawaambia kuhusu kitako na uzito na baridi. Nawaambia pia mkubwa akikuita faragha akakwambia anakuamini wewe peke yako, muulize mwenzako naye ameambiwa nini.

Wanjala na mimi tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na hatukugombana hata siku moja. Bado hunipigia simu kutoka Bungoma. Kila akipiga, kabla hata ya kuulizia afya yangu, hunieleza yuko wapi, ametoka wapi, na yuko na nani. Sijawahi kumuuliza.