Kitanda cha Kubeba

Mama mkwe wangu alifika kwetu mjini, mtaa wa Gihosha, akiwa na jembe tu. Risasi zilipoanza kwake Ruziba, kusini mwa mji, alikuwa shambani, akakimbia na kilichokuwa mkononi. Nyuma aliacha nyumba na vyote vilivyomo, pamoja na kitanda alichoolewa nacho, cha mbao nzito nyekundu, kilichopigiliwa misumari na fundi aliyetaka kidumu. Kilidumu. Walioingia baadaye walikikuta palepale, wakakichukua.

Tulimpa chumba cha watoto. Akatandika mkeka juu ya saruji. Mke wangu alipomwambia tutamtafutia kitanda, alikataa kwa Kiswahili chake cha sokoni, alikouza ndagala, dagaa wa ziwani, miaka mingi.

"Apana. Kitanda ya kuacha nilishakuwa nayo. Inatosha. Mi nitalala ku kile naweza beba."

Mvua zilikuwa zimeanza na sakafu ilikuwa na unyevu asubuhi hata mchana. Akaanza kukohoa. Muuguzi wa zahanati alisema wazi kwamba akiendelea kulala chini, kile kikohozi hakitamwacha, na kifua cha umri wake hakina pa kukimbilia. Mke wangu hakuniomba kitu. Aliniangalia, kisha akaiangalia meza yangu ya kazi kwenye kona ya ua.

Sikuwa seremala. Nilikuwa karani niliyependa mbao. Nilikuwa na msumeno, randa na patasi mbili, na katika saa zile za kati ya kufunga ofisi na amri ya kutotembea usiku nilitengeneza vigoda, rafu, mlango wa banda la kuku. Vyote vya misumari. Na ile ilikuwa miaka ya vikwazo, bidhaa haziingii nchini, msumari ulitafutwa kama petroli.

Jirani yangu, fundi wa magari aliyezaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, alikuwa na ugonjwa huohuo wa mbao, na meza ile tuliitumia pamoja. Nilipomweleza shida, alijibu bila kufikiri.

"Weka bulon, ile ya kukaza na nati. Nitakutolea ku gari moja iliyokufa. Unafungua, unafunga."

Dirisha la chumba cha watoto lilikuwa wazi. Sauti ikatoka ndani:

"Na ufunguo ya bulon? Siku ya kukimbia, nani atasimama kutafuta ufunguo?"

Jirani akashika kichwa. "Mama, umenifunga mdomo."

"Nimekufunga bila ufunguo," sauti ikajibu.

Jibu nililipata asubuhi moja nikipiga mswaki. Mama mkwe alikuwa anatoa jembe kwenye mpini ili alihifadhi. Majembe ya kwetu hayana msumari. Kichwa cha mpini kina tundu, na jembe lina ulimi wa chuma, mwembamba nchani, unaopita katika tundu lile. Kila unapolima, ulimi unajikaza zaidi. Ukitaka kulitoa, unagonga upande wa pili mara moja, linaachia. Nikasimama na povu mdomoni. Nilitaka kitanda kinachojua kushika na kuachia namna ile.

Niruhusu nieleze taratibu, kama nilivyowaeleza wengi baadaye, kwa sababu jambo hili si gumu. Mguu wa kitanda unautoboa tundu la kupita upande hadi upande. Ubao wa ubavuni unauchonga ulimi mwishoni, upite katika tundu lile na kutokeza nje. Kwenye sehemu iliyotokeza unachonga kitundu kingine kidogo, na humo unatia kabari: kipande cha mti kigumu, chembamba chini, kinene juu. Ukiigonga kabari kutoka juu, inavuta ubao na mguu vikumbatiane. Ukiigonga kutoka chini, vinaachana. Nyundo si lazima. Jiwe linatosha, hata mchi.

Mara ya kwanza nilikosea. Kabari ziliingia vizuri, zikakaa vizuri, na kitanda kikayumba. Jirani alikisukuma kwa kidole.

"Karani, hii kitanda inacheza rumba!"

Nilicheka, lakini tulisikia wote wawili kikohozi dirishani, na kicheko hakikwenda mbali. Nikavunja, nikaangalia tena. Nilikuwa nimeanzisha kile kitundu kidogo sawasawa pale mguu unapoishia. Kabari ikawa inaubana ulimi wenyewe tu, mguu haiugusi kwa nguvu. Kumbe kitundu lazima kianzie ndani kidogo ya mguu, kiasi cha unene wa sarafu, mahali jicho lisipoona. Hapo kabari ikishuka inakosa mahali pa kuegemea isipokuwa mguu, na inausukuma. Hilo tuliliita "kuiba kidogo". Ulimi mmoja nikaukata mfupi mno, ukapasuka. Nikachonga mwingine. Mbao zilikuwa za mkaratusi usiokauka vizuri, zingesinyaa tu. Kitanda cha misumari kingelegea. Hiki, ukiona kimelegea, unaongeza pigo moja. Juu yake nikaweka fito za mianzi zilizofungwa kwa kamba, za kukunjwa kama mkeka.

Ikabaki shida ambayo patasi haiwezi. Kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake, wala hagusi kitanda chake kikishakuwa chake. Na kama kingefungwa na mtu mwingine, yeye asingekiamini. Ilibidi akifunge mwenyewe.

Basi Jumamosi moja nilikaa koridoni juu ya kigoda, mgongo kwa pazia, mke wangu akiwa ndani kushika mbao.

"Mabukwe," nikaanza, kwani ndivyo tunavyowaita mama wakwe, "ulimi umepita?"

"Umepita. Unachungulia kama panya."

"Tia kabari, upande mwembamba chini. Gonga polepole."

Akagonga kwa mchi. Tu, tu, tu.

"Imekaza?" akauliza.

"Bado. Sauti iko na tumbo ndani, kama ngoma. Gonga tena."

"Mukwe wangu anaona na masikio," akamwambia bintiye.

Tu, tu, kisha ta. Sauti ile fupi, kavu. Nikainua mkono ingawa hakuniona.

"Simama hapo! Ukizidisha, ulimi utapasuka. Umesikia tofauti?"

Akagonga kabari ya pili, na alipofika kwenye ta akaacha bila kuambiwa.

Alipomaliza zote, nilidhani atalala. Badala yake nilisikia mapigo ya kutoka chini, na mbao zikianguka moja moja. Alikivunja chote. Akakifunga tena, safari hii akimwambia mke wangu atoke nje. Akakivunja. Akakifunga kama gizani, kwa kufumba macho, kama alivyotuambia baadaye. Mke wangu alikaa nami koridoni, tukisikiliza. Kisha ukaja mlio mwingine, wa mianzi ikipokea uzito.

"Mukwe."

"Ndiyo, mabukwe."

"Nimepanda. Mkeka nimeukunja."

Kikohozi hakikuisha siku ile. Kilipungua polepole, hadi siku moja tukagundua kwamba hatukuwa tumekisikia. Kufikia hapo majirani walikuwa wameanza kuja, kila mmoja na mbao zake. Mimi na jirani tuliwafundisha kukata uani. Kufunga walifundishwa chumbani, naye, na nikiwa kwenye randa nilimsikia: "Usipige na hasira! Sikiliza kwanza. Ikisema ta, we nyamaza."

Alirudi Ruziba pale njia ya kusini ilipotulia. Alitoka chumbani na mbao zimefungwa kwa kitenge, kabari amezifunga kwenye pindo la nguo yake. Nilitaka kumsaidia kubeba.

"Apana," akasema, akijitwika. "Tulikubaliana nini?"

Kitanda kile, kimesimama na mtu juu yake, sijakiona hata siku moja. Tukimtembelea, mimi nakaa sebuleni. Lakini mbao husinyaa kiangazi, na mara nyingine, tukiwa tunaongea, yeye hunyanyuka, huingia chumbani, na nasikia mchi: tu, tu, ta. Kisha anarudi, anaendelea na maneno pale alipoyaacha.