Sauti Mpya ya Mama Evodie

Wavuvi wengi wa Kalemie walimjua Mama Evodie Numbi kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Asubuhi, mitumbwi ikirudi na ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani, wanawake wanunuzi husimama kwenye mchanga na kuita, kila mmoja akitaka mtumbwi ugeukie upande wake. Wengine wanapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama. Yeye alikuwa akilivuta tu jina la mwenye mtumbwi, kwa sauti nzito, bila haraka, na sauti ile ilifika. Aliipata kwa mama yake, kule Mpala alikozaliwa, yeye pamoja na mdogo wake Agnès. Walipokuwa wasichana, baba yao aliwachanganya kila siku akiwa chumba cha pili: akimwita huyu, anaitika yule, naye hajui.

Alinunua ndagala, akaanika, akafunga magunia, akayapakia kwenye treni kwenda Kongolo kwa mteja wake, Papa Basile. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu mume wake, Papa Anatole, aliyekuwa fundi wa reli, alipoanza kuumwa mgongo na kubaki nyumbani, mtaa wa Kataki. Papa Basile akipokea mzigo, alituma malipo kwa simu. Malipo yakaingia kwenye akaunti ya simu ya Mama Evodie, naye asubuhi inayofuata akarudi ziwani.

Kisha akaibiwa. Kijana mmoja alimpigia, akasema anatoka kwenye kampuni ya simu, anasahihisha majina ya wateja, amtajie namba yake ya siri. Alikuwa na adabu, alimwita Mama kila neno la pili. Mama Evodie akamtajia. Jioni akaunti ilikuwa tupu. Alikaa mlangoni na simu mkononi, na Papa Anatole hakumlaumu hata kidogo, jambo ambalo lilimuumiza zaidi.

Kwa hiyo kampuni ilipoleta ufunguo wa sauti, hakungoja kushawishiwa. Wakala wa mtaa, kijana mpole anayeitwa Rubens, aliyekuwa na kibanda karibu na soko, alimweleza kwa subira.

"Namba muntu anaweza kukuibia, Mama. Sauti hapana. Utasema maneno haya mara chache, mashini itapima sauti yako. Kuanzia siku hiyo, ukitaka kutoa kitu, unapiga, unasema, inafungua. Muntu mwingine akisema maneno yale yale, inakataa."

"Hata akiiga?"

"Hata akiiga."

Maneno yenyewe yalikuwa: Fungua, ni mimi mwenyewe. Mama Evodie aliyasema kama anavyoita mtumbwi. Mashini, yenye Kiswahili cha watu wa ng'ambo, Kigoma, ikamjibu kwamba sauti yake imepokelewa. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka, mmoja akasema mashini imeogopa. Baada ya hapo alilala vizuri kwa muda mrefu.

Shingoni alikuwa na uvimbe tangu zamani, mdogo kama yai, na alikuwa akiufunika kwa kitambaa. Ukakua. Ikafika mahali akilala chali pumzi inakatika, Papa Anatole anamtikisa. Walipokwenda hospitali, daktari hakumficha kitu.

"Tutautoa. Lakini mushipa unaoongoza sauti unapita hapa hapa nyuma ya uvimbe," akamwonyesha kwa kidole kwenye shingo yake mwenyewe. "Tutaulinda. Mara nyingine hata ukiulinda, unachoka. Sauti inaweza kubadilika. Mara nyingine inarudi, mara nyingine hairudi."

"Na pumzi?"

"Pumzi utapata."

"Basi toa."

Alipoamka, pumzi ilikuwapo, nyepesi, ya kushangaza. Sauti haikuwapo. Palikuwa na kitu kama hewa inayopita kwenye tundu la mlango. Wiki zikapita, kikakomaa kidogo kikawa mkwaruzo, sauti nyembamba iliyokatika katikati ya neno na kuanza tena mbele. Siku ya kwanza aliporudi kutoka sokoni peke yake akabisha na kusema "Hodi," Papa Anatole aliuliza kutoka ndani:

"Nani iko pale?"

Alisukuma mlango akaingia, na mume wake alipomwona alianza kusema mengi kuhusu redio iliyokuwa ikimziba masikio. Redio haikuwa imewashwa.

Tangu siku hiyo alipunguza kusema. Alijiambia anaipumzisha sauti ili irudi. Kwa majirani alijibu kwa kichwa. Papa Basile alipopiga simu, alimpa Papa Anatole aongee.

Papa Basile alikuwa na habari nzuri: alikuwa amekwisha kutuma malipo ya mzigo ujao, ili Mama akianza tu kupona anunue. Ndipo Mama Evodie alipoketi kitandani, akapiga namba ya kampuni, akasema maneno yake.

"Sauti haikutambuliwa. Tafadhali jaribu tena," ikasema mashini.

Akanywa maji ya moto, akajaribu. Akajaribu akiwa amesimama. Akajaribu kuishusha sauti ifike pale ilipokuwa zamani, ikapasuka, akakohoa mpaka kidonda kikauma. Mwishoni mashini ikamwambia kwa usalama wake amefungiwa mpaka kesho. Kesho yake ikawa vile vile.

Rubens alimsikiliza kibandani huku akiangalia kovu lililokuwa bado jekundu juu ya kola.

"Mama, mimi nakujua. Njo wewe, ni wewe mwenyewe. Lakini mimi siwezi kufungua, sina hata mahali pa kubonyeza. Lazima upigie watu wa kampuni, Lubumbashi."

Akawapigia kwa simu yake mwenyewe, akaweka spika. Alipokea mwanamke mwenye sauti safi. Mama Evodie akaeleza, polepole, akipumzika kati ya maneno.

"Pole sana, Mama," akasema yule mwanamke, na ilisikika kwamba anamaanisha. "Nitakusaidia. Kwanza nihakikishe kama njo wewe. Sema maneno yako ya ufunguo."

Rubens akafumba macho.

"Madamu," Mama Evodie akasema, "njo hayo maneno yanakataa."

"Naelewa, Mama. Lakini bila hayo, mfumo haunipe ruhusa ya kuona akaunti yako."

Walizunguka hapo mpaka simu ikakatika. Rubens akapiga tena, akapokea mwanaume, wakazunguka naye vile vile. Mara ya tatu Mama Evodie alimshika Rubens mkono, akatikisa kichwa, akaondoka. Hakuwa na hasira. Alitembea kando ya barabara akihisi kama mtu aliyebeba gunia kutoka mbali na kuambiwa siyo hapa, ni kule alikotoka.

Siku zile alikwenda ziwani kuanika ndagala za wanawake wengine. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda na kula sehemu kubwa ya mchanga wa kuanikia, kwa hiyo walibanana, wakigeuza samaki wakiwa wameinama, jua mgongoni. Wanawake walimwonea huruma, wakamwachia sehemu iliyokauka vizuri. Hilo nalo alilibeba. Mitumbwi ilipofika na wenzake kuanza kuita, yeye aliendelea kugeuza ndagala, uso chini.

Agnès alikuja kutoka Mpala na mashua ya mizigo, akiwa na mihogo na kuku. Hakuwa amemwona dada yake tangu upasuaji. Aliposikia ile sauti, alimkumbatia akalia, na Mama Evodie akachoka zaidi, maana sasa ilibidi ambembeleze yeye.

Wakati wa kula, Papa Anatole alieleza habari ya simu. Agnès alisikiliza huku akitafuna, kisha akaacha kutafuna.

"Na mimi je?" akasema.

Walimwelewa wote wawili mara moja. Papa Anatole akaileta simu, akabonyeza, akamwelekezea shemeji yake. Agnès akafuta mdomo, akajikohoza.

"Fungua, ni mimi mwenyewe."

Ilikuwa ile. Ile nzito, isiyo na haraka. Mama Evodie aliisikia ikitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, ndani ya nyumba yake, na kijiko kikamponyoka.

"Asante. Sauti imetambuliwa," ikasema mashini.

Agnès alipiga makofi. Papa Anatole akacheka kwa mara ya kwanza baada ya majuma. Walifanya haraka, wakahamisha malipo yote ya Papa Basile kwa Rubens, naye akawatolea pesa bila kuuliza imefunguka vipi, na jioni Mama Evodie alikuwa na mtaji wake mkononi. Agnès akasema kazi imekwisha: kila mwezi atakuja, atafungua.

"Na mihogo yako atapalilia nani?" Mama Evodie akamuuliza.

"Nitajipanga."

"Na ukiumwa?"

Agnès akaanza kukusanya sahani. Baadaye, wakiosha vyombo uani, Mama Evodie akasema bila kumtazama, "Mdogo wangu, mimi nimekufurahia. Lakini mashini ilisema ni wewe njo mimi. Sasa mimi ni nani?"

"Yaya, dada yangu, ni mashini tu."

"Najua. Njo maana sitaki kubishana nayo kila mwezi."

Asubuhi alikwenda kwa Rubens akamwambia yote. Rubens alitazama huku na huku, akainama.

"Mama, usiseme hivyo kwa sauti."

"Kwa sauti gani?" akamuuliza, na kwa kuwa lilimtoka lenyewe, wote wawili walicheka kidogo, kicheko cha watu wasiolala vizuri.

Rubens alikuwa na njia mbili: kunyamaza, au kupeleka habari juu. Aliwaza, kisha akampigia mkubwa wake aliyekuwa amekuja mjini kwa ukaguzi, Bwana Cédrick. Bwana Cédrick aliposikia kwamba sauti ya mtu mwingine imefungua akaunti, hakuuliza habari ya upasuaji. Aliifunga akaunti papo hapo. Baada ya hapo ndipo alipoketi na kumsikiliza mwenye akaunti.

Mama Evodie alirudi pale kibandani mara nyingi. Alileta kadi yake ya uchaguzi, akaambiwa apate pia uthibitisho wa hospitali. Akaupata, akaambiwa anahitaji shahidi wa mtaa. Mkuu wa mtaa akaja mwenyewe, mzee mnene asiyependa kutembea, akatoa jasho na kusema kwa ukali kwamba amemjua mwanamke huyu tangu daraja la mto Lukuga likiwa na rangi mpya, wanataka nini zaidi? Mwishowe jibu likaja kutoka Lubumbashi: akaunti ifunguliwe, sauti ya zamani ifutwe, iwekwe mpya.

Neno "ifutwe" lilimkamata Mama Evodie palepale.

"Papa Rubens, mbele ya kuifuta," akasema, "naweza kuisikia?"

"Kusikia nini, Mama?"

"Sauti yangu. Si mliichunga, mliiweka pale? Mara moja tu."

Rubens alimtazama Bwana Cédrick. Huyu, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akiongea huku akiandika kwenye simu yake, aliiweka simu mezani.

"Mama, haiko hivyo. Mashini haichunge sauti yenyewe. Inapima, inaweka vipimo, namba tu. Hata sisi hatuwezi kuisikiliza. Haikukuwa pale."

Alikubali kwa kichwa. Alikuwa amefikiri, kwa miezi yote ile, bila kumwambia mtu, kwamba mahali fulani Lubumbashi sauti yake ilikuwa imekaa salama ikimngoja. Alikaa kwenye benchi. Nje mtu alikuwa akijaza hewa tairi la baiskeli. Hakuna aliyemharakisha, na kwa hilo aliwashukuru.

"Ukitaka tungoje kidogo, labda itarudi," Rubens akasema.

"Dokta aliniangalia juzi," akajibu. "Haitarudi. Weka hii."

Akasema maneno. Mashini ikamwambia sauti ni ndogo, asogee karibu. Akasogea. Ikamwambia kuna kelele. Rubens akatoka akamwomba mwenye baiskeli angoje. Akasema tena, sauti ikakatika kwenye "mwenyewe", akarudia. Alijaribu tena kuishusha chini kama zamani, kisha akaacha. Akasema tu kama alivyokuwa akisema sasa, nyembamba, yenye mkwaruzo, na pengo katikati. Mashini ikakubali.

Bwana Cédrick akamwambia akirudi siku nyingine na mdogo wake, watajaribu kama sauti ya Agnès bado inaweza kufungua. Mama Evodie akasema mdogo wake amekwisha kurudi Mpala, mihogo haingoji.

Juma lililofuata alikwenda ziwani na mtaji wake, ambao hakutaka kuugusa kabla akaunti haijafunguliwa. Hakuweza kuita. Alivua kanga ya juu, ya njano, akaipeperusha juu ya kichwa, na mvuvi wa kwanza hakuielewa, akapita kwenda kwa wengine. Wa pili naye akapita. Wa tatu, Ruphin, aliyekuwa akimuuzia tangu zamani, aliangalia kwa muda, akageuza mtumbwi.

"Mama Evodie, njo wewe? Tuliambiwa umeacha kazi."

"Sikuacha," akasema.

Ruphin aliinama karibu ili asikie vizuri, na Mama Evodie, aliyekuwa amechoka kurudia maneno mbele ya watu, alirudia.

"Sikuacha. Unauza namna gani leo?"

Ruphin akataja bei, yeye akaikataa kwa kichwa, na wakaanza.