Kanda ya Mwisho Kwanza

Tulikuwa wapenzi wanne wa bendi moja ya roki, na sidhani kama kijiji chetu kizima, Kanoni, kilikuwa na wa tano. Watu wa kwetu walipenda kwaya na magitaa ya Kongo. Wakipita barabarani wakausikia muziki wetu, waliuliza nani anapigwa humo ndani. Sikuwajibu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mdomo mkali, na niliamini kwamba mtu asiyeguswa na gitaa lile lililonguruma ana kasoro ambayo si kazi yangu kuitibu.

Bendi hiyo aliileta nyumbani kaka yangu. Alikuwa utingo wa lori lililokwenda Bukoba na Mwanza, na dereva wake alikuwa na kanda iliyochakaa yenye vipande vipande vya nyimbo za vijana wanne wa ng'ambo. Kaka akazishika zote bila kujua maana ya neno hata moja. Katikati ya miaka ya themanini akarudi nyumbani moja kwa moja. Alirudi na redio kaseti, godoro la sponji, na ugonjwa.

Ugonjwa ule leo tunautaja hata kanisani: Ukimwi. Wakati ule kilima kizima kiliujua na hakuna aliyeutamka. Mama alisema ni kifua. Baba alisema ni uchovu wa barabara. Mimi nilimwona kaka akiutoboa mkanda wake wa suruali matundu mapya kwa msumari, na watu wakiniuliza nilisema na mimi kwamba ni kifua.

Kila Jumamosi alasiri kulikuwa na kipindi cha muziki kwenye redio moja ya ng'ambo, masafa mafupi, na wimbo mmoja wa bendi yetu ulikuwa haukosi. Tulikusanyika barazani kuusikiliza. Mimi nilikuwa na beseni la matoke ya kumenya, maana mama hakuwa mtu wa kuruhusu mikono ikae bure kwa ajili ya Wazungu. Wa tatu alikuwa rafiki wa kaka, kijana wa familia ya wafugaji kutoka Kimuli, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa mjomba wake kwenye nyasi za bondeni kwetu. Kila alipokuja alimletea kaka maziwa kwenye kibuyu. Wa nne alikuwa kibarua wetu wa shambani, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Yeye magitaa hayakumsumbua. Alikuja kwa ajili ya ngoma.

Siku moja yule mfugaji alirudi kutoka Kayanga na habari. Kwenye kibanda cha muuza kanda kando ya stendi kulikuwa na kanda nne za bendi yetu, albamu nzima nzima, kila moja na jalada lake. Amezishika kwa mikono yake. Ya kwanza kabisa waliyotoa wakiwa vijana ilikuwepo, na ya mwisho, ile mpya yenye wimbo wa Jumamosi, ilikuwepo pia.

Pesa yetu ya kuchanga ilitosha kanda moja. Nyingine zingesubiri kahawa, na kahawa ilikuwa bado ya kijani mtini.

Basi ukaanza ubishi wa tununue ipi kwanza, na ulichukua wiki mbili.

Kaka alisema ya kwanza. Hakutaka hata mjadala. "Nyumba huingiwa mlangoni," alisema. "Tutaanza na ya kwanza, halafu ya pili, ya tatu, mpaka tufike. Mtu gani anasoma barua kuanzia kwenye salamu za mwisho?"

"Mtu anayejua barua ina habari gani," nikamjibu. "Ya mwisho tunaujua wimbo wake mmoja, na ni mzuri. Hiyo ya kwanza tunaijua? Wanaweza kuwa walikuwa wanajifunza tu kukaza nyuzi."

"Dada anasema kweli," mfugaji akasema. "Ng'ombe unanunua anayekamuliwa leo."

"Wewe kila kitu ni ng'ombe," kaka akamwambia, na akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikachukua muda.

Kibarua alitaka ya tatu, kwa sababu mfugaji alimwambia kwamba kwenye jalada lake mpiga ngoma amesimama mbele ya wenzake. Tulimzomea wote kwa pamoja. Naye hakukasirika. Alisema mpiga ngoma hawekwi mbele bila sababu, akaendelea kunywa uji wake.

Ukitusikiliza kutoka barabarani ungesema vijana hawa hawana shida duniani. Lakini mimi nilijua ninabishania nini, na mfugaji alijua, na naamini hata kibarua alijua. Kaka hangefika kwenye kahawa. Kanda tutakayonunua ndiyo atakayoisikia, basi. Nilitaka asikie ule wimbo wa Jumamosi ukiwa safi, bila mikwaruzo ya masafa mafupi, na nyimbo zilizoufuata ambazo redio haikutupa kamwe. Nilitaka apate kilicho bora. Na sikuweza kusema hivyo, maana kusema "anza na ya mwisho" kwa sababu yangu halisi kulikuwa ni kumwambia kaka yangu kwamba anakufa. Kwa hiyo nilizungumza habari za nyuzi na sauti na ubora wa kurekodi, vitu nisivyovijua hata kidogo. Nilichoka na uongo ule kuliko nilivyochoka na kumenya matoke.

Naye kila nilipomkaza alirudi palepale. Ya kwanza, halafu ya pili. Alipokuwa akizihesabu kwa vidole vyake vilivyokonda, nilitamani kumkumbatia na nilitamani kumpiga.

Mambo yaligeuka kwa sababu ya shuka.

Kaka alikuwa akitokwa na jasho jingi usiku, na shuka zetu zilikuwa zimeisha kwa kufuliwa. Baba akaenda mnadani akanunua kitambaa cheupe, kirefu, cha kutosha kushona mbili. Alikibeba begani bila kukifunga, mchana, akaongea na watu njiani. Hapo ndipo alipokosea. Kwetu mtu mwenye mgonjwa nyumbani hanunui kitambaa cheupe akakipitisha mbele za watu, labda awe anakwenda kuzika. Aliyemwona hakuuliza, kwa sababu jambo kama hilo haliulizwi. Alikwenda na habari kwao Kihanga, na Kihanga ndiko alikoolewa shangazi yetu.

Kesho yake asubuhi kaka alikuwa amekaa kwenye kiti nje, juani, na bakuli la uji mapajani. Mfugaji alikuwa ameleta maziwa. Mimi nilikuwa nafagia. Tukasikia kilio kikipanda kutoka barabarani.

"Mawe! Mawe! Mwanangu! Wametuachia nani!"

Ilikuwa sauti ya shangazi, akimwita mama yake kwa kilugha chetu, kama waliavyo wafiwa. Alikuja na wanawake wawili nyuma yake, mmoja na mkungu wa ndizi kichwani, mwingine na kibuyu kikubwa cha rubisi, ile pombe ya ndizi; vitu vinavyopelekwa msibani. Shangazi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Akapita mibuni, akaingia uani, akamwona anayemlilia akiwa na kijiko mkononi.

Kilio cha namna ile hakisimami mara moja. Mdomo wake uliendelea kulia huku macho yake yameshaona. Kaka akaweka kijiko chini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," shangazi akaitikia kwa mazoea, katikati ya machozi, kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi, miguu ikiwa imenyooka mbele yake, asijue afanye nini na mikono.

Ningecheka kama wangekuwa watu wengine. Lakini kilima kilikuwa kimeshasikia. Kwetu ukisikia kilio kwa jirani unaweka jembe chini, na siku hiyo haliinuliwi tena. Wakaanza kuja. Walitoka migombani na udongo miguuni, wanaume wakivua kofia, wanawake wakilia tangu njiani. Kila aliyeingia alimkuta kaka kwenye kiti, na kila mmoja alisimama kidogo kama aliyekosea nyumba. Hakuna aliyejua namna ya kuondoka. Kuondoka kungekuwa kusema kwamba walikuja kwa ajili ya maiti na hawakuikuta. Wakakaa. Wanaume wakakaa upande mmoja wa ua na wanawake upande wa pili, kama msibani hasa.

"Karibuni," kaka aliwaambia. "Mmekuja mapema, lakini karibuni."

Mzee mmoja akaanza kucheka, akajizuia. Rubisi ya shangazi ikafunguliwa, kwa kuwa haikuwezekana kuirudisha Kihanga. Watu wakanywa wakitazama chini.

Ilikuwa Jumamosi. Ilipofika alasiri kaka akaniambia nilete redio, kipindi kinaanza. Nikaileta. Baba akainuka upande wa wanaume akaweka mkono wake juu yake.

"Si leo," alisema. "Watu wamekaa. Muziki haupigwi watu wakiwa wamekaa."

"Baba," kaka akasema taratibu, "nani amekufa?"

Baba alisimama na mkono juu ya redio, macho yakielekea migombani. Sikuwahi kumwona baba hivyo. Mwishowe aliichukua redio akaingia nayo ndani. Wimbo wetu ulipigwa siku ile huko ng'ambo na sisi hatukuusikia.

Jua lilipoanza kuteremka watu waliondoka mmoja mmoja. Kila mmoja alimpa kaka mkono. Shangazi alimshika uso kwa viganja viwili akamwomba msamaha, naye akamwambia, "Umenililia vizuri, shangazi. Nimesikia kwa masikio yangu. Wengi hawapati." Baadaye niliijua thamani ya maneno yale. Jioni ile yaliniudhi tu, kwa sababu nilitaka amkaripie.

Tukabaki wanne. Kibarua alikuwa akikusanya vikombe. Kaka alikuwa amejifunika moja ya zile shuka mpya, maana baridi ya jioni ilishaanza kumwingia.

"Mkienda Kayanga Jumatatu," alisema, "nunueni ya mwisho."

Mfugaji alitazama kibuyu chake. Nilikuwa nimeshinda ubishi wa wiki mbili, na sikuutaka ushindi ule.

"Hapana," nikasema. "Tunanunua ya kwanza."

"Dada."

"Ya kwanza! Umesema mwenyewe, nyumba huingiwa mlangoni. Tutaanza mwanzo. Kahawa ikiuzwa tunachukua ya pili."

"Ndiyo," mfugaji akadakia. "Mimi nimefikiri. Huwezi kumjua ng'ombe bila kumjua mama yake. Ya kwanza ndiyo sawa."

"Na ya tatu inaweza kusubiri," kibarua akasema na vikombe mikononi. "Mpiga ngoma hana haraka. Tuanze na ya kwanza, kaka."

Tulimbana watatu kwa maneno yake yote ya wiki mbili. Mimi nilimkumbusha hata ile barua na salamu zake. Nilisema kwamba hawa waliorekodi wakiwa wadogo ndio wenye moto, na kwamba mtu akianza na ya mwisho hana tena cha kungojea. Nilisema mengi. Kaka alituachia tuseme mpaka tukaishiwa, kama mtu anayewasubiri watoto wamalize kulia.

"Mmesema vizuri," alisema. "Nunueni ya mwisho."

Jumatatu nilikwenda na mfugaji. Kanda zote nne zilikuwa zimepangwa kwenye kisanduku cha kioo. Muuzaji aliuliza tunataka ipi, na mfugaji akageuka akatazama lori lililokuwa likishusha saruji. Nikaonyesha kwa kidole.

Jioni hiyo tuliiweka. Kaka alikuwa amelala kwenye godoro lake la sponji, mlango wazi, na sisi tumekaa mkekani. Mama alikuja akasimama mlangoni, mama ambaye hakuwahi kuupenda muziki ule, akasikiliza. Wimbo wa Jumamosi ulikuwa wa pili. Bila mikwaruzo ulikuwa na kinanda kidogo nyuma ya magitaa ambacho hatukuwahi kujua kama kipo. Kaka aliinua kidole, kutuonyesha kwamba amekisikia. Upande wa kwanza ukaisha, mfugaji akaigeuza kanda. Kwenye upande wa pili kulikuwa na wimbo mrefu ambao mwimbaji aliuimba kwa sauti ya chini, iliyokwaruza, sauti ya mtu mzima, si ya yule kijana tuliyemzoea kwenye vipande vya dereva.

Ukaisha, kanda ikaendelea kuzunguka bila kitu. Nilidhani kaka amelala. Alikuwa bado hajatimiza miaka thelathini.

"Wamezeeka vizuri," alisema.

Nikamwambia ndiyo kaka, vizuri sana, nikaenda jikoni kulia ambako hangenisikia.