Siku akina mama wawili walipodai kuwa mama wa mdogo wangu kwenye geti la kambi, Ngara

Wakuu, habari za jioni.

Nimesoma humu watu wakisema sera ya matibabu bure kwa watoto ni kelele za wanasiasa. Ngoja niwaambie ilivyotukuta sisi. Chumvi sitaongeza, mama yangu yupo hai na atanisuta.

Sisi ni Wahangaza wa Murukulazo. Miaka ya tisini, wakimbizi walipojaa kwetu, mimi nilikuwa darasa la sita. Mdogo wangu Odilia alikuwa na miaka miwili hivi. Baba alikuwa Biharamulo kwenye vibarua.

Msimu huo maharage yaligoma kabisa. Ikawa ugali wa muhogo asubuhi, muhogo jioni.

Odilia akavimba miguu. Nywele zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi. Mtoto aliyekuwa anafukuza kuku kutwa nzima, sasa anakaa mlangoni tu, hata inzi hamfukuzi.

Zahanati wakasema ni unyafuzi, apewe maziwa na mayai.

Tutoe wapi?

Kulikuwa na mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi, Evelina, aliyekuja kutulimia apate ndizi. (Kirundi na Kihangaza tunasikilizana vizuri tu.) Alipomwona Odilia akaweka jembe chini.

"Kambini kuna kituo cha lishe. Wanatoa maziwa."

Mama akasema, "Hicho ni cha wakimbizi."

"Nitasema ni wangu. Wangu wa umri huu alibaki njiani."

Mama aliingia ndani, akatoka na kitenge chake cha kanisani, akamfunga Odilia kwenye mgongo wa Evelina.

Tukaenda wote. Walikubaliana mama akae nyuma, kimya. Getini alikuwepo nesi, dada wa Kitanzania.

"Mama wa mtoto ni nani?"

"Mimi," akasema Evelina.

"Mimi," akasema mama. Kwa pamoja!

Nesi akawatazama. Odilia naye akamaliza kesi, akamnyooshea mama mikono.

Mama akaanza kulia. "Mwanangu, nimeshindwa kumkana. Kama sheria inakataa, turudishe."

Nesi akapiga magoti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Sheria inakataa kweli. Ila huyu simrudishi. Ingieni wote wawili."

Odilia alilazwa. Mama na Evelina wakawa wanapokezana kumnywesha, na siku Odilia alipomrushia Evelina kikombe kwa hasira, wale wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Hasira zilikuwa zimerudi, ina maana mtoto amerudi!

Yule nesi hakuishia hapo. Aliwasumbua wakubwa wake hadi wakaitisha mkutano kijijini kwetu: mganga mkuu wa wilaya, watu wa mashirika, mtendaji. Akaomba mama asimame. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, akasema Kihangaza nami nikatafsiri:

"Watoto wetu na wa wakimbizi wanachota maji kisima kimoja. Surua ikimkamata mmoja, inawakamata wote. Sasa mnatibuje upande mmoja?"

Mtendaji akanong'ona, "Mama, tusiwaaibishe wageni."

Mganga wa wilaya akamwambia, "Mwache aseme."

Haikuwa kesho yake, ila utaratibu ulibadilika. Kituo kikapokea kila mtoto wa chini ya miaka mitano, wa kambi na wa vijiji. Mizani ikaja kijijini kila mwezi, chanjo nazo tukapata pamoja. Watoto wengi wa rika la Odilia kule kwetu wamekua kwa sababu hiyo.

Evelina alirudi kwao amani ilipotulia. Odilia alikataa kula siku nzima. Sasa ni mwalimu kule Nyabusozi, ana sauti ya kusikika madarasa matatu, na anaongea na Evelina kwa simu kila Jumapili.

Funzo langu ni hili. Anayeandika sera hamwoni mtoto. Anayemwona ni yule wa getini, na akiinyamazia sheria mbaya, inabaki hivyo hivyo.

Mliokulia Ngara na Biharamulo enzi zile, kwenu ilikuwaje? Karibuni mseme, hata wanaonipinga.

Na wewe nesi, kama upo humu au kuna anayekufahamu, njoo inbox. Mama anataka kukushika mkono.