Koti la Rangi ya Damu ya Mzee

Koti lile nililichukua mimi. Kwa miaka miwili nimewaambia watu, dada yangu akiwemo, kwamba nililinunua sokoni Nakawa, tena baada ya kuvutana na muuzaji mpaka jasho likanitoka. Uongo. Nililianua kwenye kamba ya nguo za bure, asubuhi kweupe, nikalikunja ndani ya kanga kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Kamba hiyo ni ya uani kwetu. Majirani wetu wengi ni Wakongo waliokimbia vita, na kila familia inapoitwa kwenda kuishi nchi ya baridi, wanawake wa uani huivalisha. Wauzaji wa mitumba hutupa bure makoti mazito yanayotoka kwenye marobota yao, kwa kuwa Kampala hayana mnunuzi. Tunayafua, tunayaanika, tunayaweka stoo hadi siku ya safari. Ufunguo wa stoo alikuwa nao mke wa sajini mmoja wa polisi, mwanamke wa kaskazini. Mimi nilikuwa mkaguzi, kwa sifa moja tu: niliwahi kusoma ng'ambo na kuiona theluji. Nilikuwa naingiza mkono ndani ya koti, nafumba macho, natoa hukumu. Waliniamini.

Lile la rangi ya damu ya mzee nilisema mwenyewe ni la bibi, mama yake jirani yangu Mkongo. Daktari wa hospitali ya Mulago alikuwa amewaonya kwamba mapafu yake hayataistahimili baridi. Lakini wiki hiyohiyo nilikuwa nimealikwa kwenye kongamano Ulaya, na koti langu la usichana halikukubali kufunga hata kifungo kimoja. Safari za wakimbizi huahirishwa kila mara. Nikajiambia nitaliazima siku tisa, nitalirudisha, hakuna atakayejua.

Jumatano simu ikaja: wanaondoka Ijumaa saa nne asubuhi.

Ijumaa saa mbili stoo ikafunguliwa. Yakatoka makoti yote, la bibi halikuonekana. Bibi mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ngazi na sweta ya shule ya mjukuu wake, akikohoa. Mtu akauliza ufunguo anao nani, ingawa wote tulijua. Mwingine akasema, kama anayejisemea, kwamba nyumba za polisi hazikosi vitu vya watu.

Mke wa sajini hakubishana. Alikwenda akausukuma mlango wake ukafunguka wote. "Ingia," alisema kwa Kiswahili chake cha kambi za polisi. "Tafuta kila pahali. Mimi hapana iba koti ya mzee."

Tuliingia wanne. Ndiyo, na mimi. Niliinua godoro lake, nikahamisha masufuria, nikachungulia nyuma ya kabati, kana kwamba koti lingeweza kutokea pale na kuniokoa. Tulipotoka mikono mitupu, alinitazama.

"Na kwa mwalimu?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akauliza tangu lini msomi akavaa nguo za bure. Nikacheka nao. Sanduku langu lilikuwa hatua ishirini kutoka pale, limefungwa tayari kwa safari. Nilikuwa na zaidi ya saa nzima ya kusema ukweli. Badala yake nilikwenda ndani, nikaleta mtandio wangu wa sufu, nikamfunga bibi shingoni, nikashukuriwa sana. Gari likaja, likawachukua.

Mimi niliruka Jumapili. Koti lilikuwa na joto la ajabu. Ukaguzi wangu haukukosea. Mada niliyowasilisha ilihusu ukarimu wa majirani kwa wakimbizi. Nilipigiwa makofi, kisha tukapigwa picha ya pamoja nje.

Niliporudi, mke wa sajini alikuwa amekabidhi ufunguo. Hakuna aliyemfukuza, ila alipopita karibu na kamba, wenye nguo walizisogelea. Nami nikazidisha kumwamkia kwa heshima, jambo ambalo halikumsaidia chochote.

Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, yule jirani Mkongo alinipigia kutoka huko waliko. Bibi hajambo, alisema. Walipotua tu walipewa makoti. Nikashusha pumzi.

"Mwalimu, binti yangu alikuona mu mtandao. Umesimama mu theluji. Ile koti ilikuenea muzuri."

Nikaanza habari ya soko la Nakawa. Aliniacha nimalize.

"Kifungo ya juu nilishona miye," alisema, "na uzi ya kijani. Sasa koti si kitu. Mama wa polisi iko?"

Nilitazama dirishani. Alikuwa bombani peke yake, akijaza dumu.

"Mupelekee simu."

Nikavuka ua. Niliweka simu kwa sauti ya juu, nikainyoosha mbele yangu, na ile sauti ikasema nianze mimi. Nikasema. Maneno yalikuwa machache: koti nililichukua mimi.

Mke wa sajini alifunga bomba, akafuta mikono kwenye gauni, akaitwaa simu.

"Dada, usikate," aliiambia. "Mimi naita wamama wote kwanza. Wakifika, mwalimu atasema tena."