Watoto wa Siku za Bamvua

Siku yangu ya kwanza kazini nilipandishwa ngazi za mbao za nyumba kuukuu Mji Mkongwe, nikaingizwa chumba chenye watoto thelathini na wanane wa chekechea. Mwalimu Mkuu, bibi wa miwani, alinikabidhi ufito.

"Mwanangu," akasema, "darasa zuri ni lile ambalo mgeni akipita chini hajui kama juu kuna watoto."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na cheti cha kidato cha nne. Nikaamini.

Wasichana mnaoingia kazi hii, nisikilizeni. Kumtuliza mtoto tulikuwa na njia zetu. Kuna kulaza vichwa: wote chini mkekani, shavu juu ya mkono, macho yamefumbwa. Na kuna ukutani: mkorofi anageuzwa uso ukutani, mikono juu, mpaka aombe radhi. Saa ya kulaza vichwa niliipenda mno. Mwanga unapenya kwenye mianya ya dirisha, vumbi linaelea, pumzi zao zinapanda na kushuka pamoja kama chumba kizima ni kifua kimoja, na mie mwenyewe nasahau nilipo. Sikujua kwamba nusu yao hawakulala. Walikuwa wananiogopa tu.

Mwaka wa pili nikapelekwa Paje, kijiji cha pwani. Mwalimu Msimamizi wa huko hakushika ufito. Mezani kwake aliweka karatasi ya kupwa na kujaa kwa maji, kazungushia wino siku za bamvua, zile ambazo maji yanakupwa mbali kabisa na kina mama wote wanashuka pwani kwenye mashamba ya mwani. Nikadhani na yeye ana shamba lake huko.

Bamvua la kwanza darasa likanishinda. Huyu kajitupa chini, yule analia hasemi anachotaka, na Mwanaidi, kitoto cha miaka minne, kamng'ata jirani yake. Nikamweka ukutani.

"Kala nini huyo?" Msimamizi akauliza kutoka mlangoni.

"Kala mkono wa mwenziwe, Bi."

Hakucheka. "Mama yake kashuka pwani mapema. Mtoto hajanywa hata chai, na weye unamnyanyulisha mikono. Mshushe."

Nikamshusha, nikamnywesha uji. Alinilalia begani na kikombe hakijesha, mzito, moto, nywele zinanukia chumvi. Tangu hapo siku za bamvua hatukuanza na herufi. Tulianza na uji, kisha mkeka, na nyimbo za polepole mpaka anayetaka kulala alale. Nje upepo unasugua minazi, ndani wanaota, mmoja anacheka usingizini na hakuna anayemuuliza kwa nini. Kung'atana kulipungua. Hakukwisha, msidanganywe.

Nilifanya hivyo miaka mitano. Kisha nikaolewa, nikahamia Mbweni, nikazaa, kazi nikaiacha. Nilistaafu nina miaka ishirini na tano, anayetaka kucheka acheke.

Mwezi uliopita Salma wangu, wa miaka minne, alianza kujikojolea kila nikimvalisha sare. Nikamuuliza skuli kuna nini. Aligeukia kabati, akanyanyua mikono juu, akasimama vilevile.

Nilitoka na kanga za nyumbani, moja kwa moja mpaka skuli. Mwalimu Mkuu wa skuli yake, bwana mpole, alinisikiliza, akaona ninavyohema. "Bi, sema neno moja tu. Leo hii namwachisha kazi mwalimu wake."

Akamwita. Akaja msichana wa miaka ishirini hivi, chaki mpaka kwenye nyusi, sauti imemkauka.

"Umemweka mwanangu ukutani?"

"Naam, Bi."

"Kakufanya nini?"

"Anatoka mlangoni kila nikigeuka, na nje ndiyo barabara. Nnao hamsini na wawili, peke yangu." Akaanza kulia. "Hebu niambie weye, nifanyeje? Mie hajanifundisha mtu."

Wallahi mkono ulikuwa unaniwasha. Lakini nilijua likinitoka lile neno, ataletwa mwengine, mtoto wa kidato cha nne kama huyu, na watoto walewale hamsini na wawili.

"Haondoki," nikamwambia yule bwana. "Na ukutani hawekwi tena mtoto wa mtu. Mtafutie msaidizi."

"Msaidizi hatuna, Bi."

"Basi ligaweni darasa. Nusu waje asubuhi, nusu mchana."

"Wazazi watalalamika."

"Mzazi ni mie, na nshaanza kulalamika."

Darasa likagawanywa. Hasira sijaimaliza, wala sina haraka ya kuimaliza. Msichana mmoja anatupiwa watoto hamsini, kisha akiwatisha wakanyamaza anaambiwa hodari. Kama mimi nilivyoambiwa.

Salma alikataa kwenda siku nne. Sikumlazimisha. Siku ya tano nikamshika mkono, nikasimama naye mlangoni mwa darasa. Yule mwalimu hakumwita, hakumtazama hata. Alikaa sakafuni katikati ya watoto, akaanza kuimba kwa sauti yake iliyokauka, polepole, na watoto wakaitikia mmoja mmoja. Salma akasikiliza. Akakiachia kidole changu cha kwanza, akatulia. Akakiachia cha pili. Sikusogea. Nilipoangalia chini tena, mkono wangu ulikuwa mtupu.