Sukari kwenye Tanki la Mafuta

Chai ya leo inanuka mafuta ya taa, na mkosaji namjua: kaka yangu.

Utotoni, uani kwetu Mwembesongo, tulikuwa na treni ya makopo. Kopo la samaki lilibeba mkonge, kiberiti kilibeba tumbaku, na koroboi bovu ndilo lilikuwa tanki la mafuta. Kaka akachota sukari ya mama, akaimimina kwenye tanki.

"Kaka, hilo la mafuta!"

"Behewa ni behewa tu, we mtoto. Kiwanda cha sukari kinasubiri!"

Mama alipotokea, kaka akairudisha sukari mkebeni. Jioni mgeni akatema chai. Fimbo nikala mimi.

Sukari ya leo nimenunua dukani kwa kaka. Nimempigia simu kumuuliza kaipimia kopo gani.

"Kopo ni kopo tu, mdogo wangu," kanijibu.